Hewa Ndiyo Jiliwa: Kufufua Tezi ya Mashua ya Faibaglasi

Je, msomaji, umewahi kununua pakiti ya krisps mjini Mombasa, ukasafiri nayo hadi Kericho, kisha ukashangaa kuiona imefura kama mpira? Au umewahi kunywa maji ukiwa Kericho, ukaifunga barabara chupa tupu ya plastiki, na ulipofika Mombasa ukaikuta imebonyea kana kwamba mtu aliikalia? Hapo hapana uchawi wala mzaha. Ni hewa inayofanya kazi yake. Hewa tunayoivuta kila dakika bila kuifikiria ina uzani, na uzani huo hukandamiza kila kitu kutoka kila upande, usiku na mchana, bila malipo.

Leo tutaiajiri hewa hiyo kazi ya fundi. Tutaona jinsi inavyoweza kufufua tezi ya mashua ya faibaglasi iliyooza, kazi ambayo ikifanywa vibaya inaweza kumgharimu mvuvi injini yake, na hata roho yake.

Huenda unajiuliza: Kiptere na mashua wapi na wapi? Kiptere ni mji mdogo katika Kaunti ya Kericho, upande wa Sigowet. Huko watu hufikiria majani chai, mahindi na ng'ombe wa maziwa, si nyavu wala makasia. Lakini hebu itazame ramani. Maji ya msitu wa Mau hukusanyika katika mto Sondu Miriu, hupita katika nchi hii ya Kericho na Bomet, kisha huteremka hadi Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Mtu wa Kiptere akiteremka upande wa Sondu, haendi mbali kabla ya kukutana na watu wanaoishi kwa samaki. Na kama tutakavyoona, nchi ya ng'ombe wa maziwa ina kifaa kimoja ambacho fundi wa mashua akikipata atashukuru sana.

TEZI NI NINI?

Watu wa Pwani husema mashua ina omo mbele na tezi nyuma. Katika mashua ndogo za kisasa, sehemu ya nyuma kabisa hukatwa wima kama ukuta, na juu ya ukuta huo ndipo injini inapofungwa. Ukuta huo ndio tunaouzungumzia.

Mtu akiutazama kwa nje hudhani ni faibaglasi tupu. Sivyo. Aghalabu umetengenezwa kama sandwichi: ngozi ya faibaglasi upande wa nje, ngozi nyingine upande wa ndani, na katikati mbao za plaiwudi zenye unene wa milimita 38 hivi au zaidi. Plaiwudi ndiyo mifupa. Ngozi hizo mbili huizuia isipinde na isinywe maji.

Fikiria mzigo unaobebwa na ukuta huu. Injini ya mtindo wa zamani yenye nguvu za farasi 15 ina uzani wa karibu kilo 36. Ile ya nguvu za farasi 40 hupita kilo 70. Lakini uzani peke yake si shida kubwa. Rafadha huwa chini kabisa, kama nusu mita kutoka mahali injini iliposhikiliwa, nayo husukuma mashua mbele kwa nguvu. Hivyo injini huwa kama mtaimbo mrefu unaojaribu kuing'oa tezi kila mashua inapopanda wimbi. Kwa mashua inayotoka alfajiri na kurudi adhuhuri, siku sita kwa wiki, tezi hutikiswa mara maelfu kwa maelfu.

UGONJWA HUANZA KWA TUNDU DOGO

Faibaglasi yenyewe haiozi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake. Ili kuoza, mbao huhitaji ukungu, na ukungu huhitaji vitu vitatu: unyevu, hewa na joto la kadiri. Maji hupata njia kupitia matundu ya bolti za injini, tundu la kutolea maji, skrubu iliyotiwa bila kuzibwa, au ufa mdogo juu ya ukuta. Yakishaingia hayatoki, kwa kuwa ngozi zile zile zilizowekwa kuyazuia yasiingie sasa huyazuia yasitoke.

Jambo moja huwashangaza wengi. Maji ya chumvi ya bahari huchelewesha ukungu wa mbao, lakini maji matamu ya ziwa na ya mvua huustawisha. Kwa hiyo mashua ya Ziwa Victoria ina adui mkali kuliko ile ya Kilifi. Na mashua iliyopandishwa Kericho kwa matengenezo ikaachwa nje bila turubai, katika nchi ambako mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, itaoza ikiwa nchi kavu.

Unaweza kuutambua ugonjwa mapema kwa njia rahisi. Kwanza, shika injini kwa juu uivute polepole mbele na nyuma huku mwenzako akitazama ukuta. Ukuta ukicheza, una walakini. Pili, gonga kwa mpini wa nyundo kila baada ya sentimita tano. Penye uzima patalia kwa sauti kali. Penye uozo patalia kwa sauti butu, kama anayegonga boga. Tatu, toboa matundu madogo upande wa ndani kwa drili, sehemu za chini hasa, utazame makapi yanayotoka. Makapi makavu na meupe ni habari njema. Makapi ya rangi ya kahawa, yenye maji na harufu ya udongo, ni hukumu. Ukimaliza, usisahau kuyaziba matundu hayo.

Tuseme mvuvi mmoja wa ziwani amemletea fundi kijana wa Kiptere mashua ya namna hii. Bila shaka mazungumzo yao yatakwenda hivi:

"Fundi, wewe nipigie bati na bolti mbili, kesho nirudi kazini."

"Mzee, bolti zitashika nini? Mbao ya ndani imekuwa uji."

"Watoto hawali mbao, kijana wangu."

"Ni kweli, mzee. Lakini injini ikizama, watakula nini?"

Kila mmoja ana haki yake. Siku za mashua kukaa nchi kavu ni siku za njaa, na mvuvi anazihesabu. Lakini bati lililopigwa juu ya uozo huficha kidonda tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ni ya kweli neno kwa neno: ukuta mzima wa nyuma lazima ujengwe upya.

HEWA INA UZANI

Kazi kubwa katika kuijenga upya tezi ni kuigandisha plaiwudi mpya kwenye ngozi ya nje bila kuacha hata kiputo kimoja katikati. Kiputo kikibaki, hapo hapajashikana, na ndipo maji ya kesho yatakapojikusanya. Fundi wa kawaida hutumia majiliwa mengi, vipande vya mbao na skrubu. Njia hiyo si mbaya, lakini jiliwa hubana mahali liliposhikilia tu. Baina ya jiliwa na jiliwa, mbao hujiinua kidogo. Tena jiliwa la kawaida halifiki katikati ya ukuta mpana.

Sasa njoo tuitumie hewa. Ukiifunika plaiwudi kwa mfuko wa plastiki, ukabandika kingo zake zote zisivuje, kisha ukafyonza hewa iliyo chini yake, utakuwa umetengeneza ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa. Hewa ya nje haitapendezwa na jambo hilo. Itaukandamiza mfuko kwa nguvu zake zote. Na kwa kuwa ngozi ya tezi nayo ina hewa upande wa nje, itasukumwa kutoka upande wa pili. Sukuma huku na sukuma kule hukutana katikati, kama meno mawili ya jiliwa moja kubwa lisilo na pengo.

Mambo haya yalijulikana zamani. Mnamo 1643 Mwitaliano Evangelista Torricelli alionyesha kuwa uzani wa hewa unaweza kuishikilia zebaki ndani ya bomba la kioo. Mwaka wa 1648, Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda na bomba kama hilo katika mlima wa Puy de Dôme huko Ufaransa, akaona zebaki ikishuka kadiri alivyopanda. Katika miaka ya 1650, Otto von Guericke, meya wa Magdeburg nchini Ujerumani, alikutanisha mabakuli mawili ya shaba, akafyonza hewa ndani yake, na farasi 16, wanane kila upande, wakatoka jasho kuyatenganisha. Wewe mwanafunzi unayesoma fizikia, usidhani mambo hayo ni ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Fundi wa mashua huyatumia kupata unga.

Tupige hesabu. Usawa wa bahari, Mombasa, hewa hukandamiza kila sentimita mraba kwa uzani wa kilo moja na kidogo. Ziwani, ambako ni mita 1,134 juu ya bahari, ni kama kilo 0.9. Kwenye mita 2,000, nyanda za chai za Kericho, ni kama kilo 0.8. Kiptere iko kati ya ziwa na nyanda hizo.

Chukua tezi yenye upana wa mita moja na nusu na kimo cha sentimita 60. Eneo lake ni sentimita mraba 9,000. Pampu ikiondoa sehemu tisa katika kumi za hewa, Mombasa utapata ukandamizaji wa zaidi ya tani nane. Kericho utapata kama tani sita na nusu. Ni kweli fundi wa milimani amepunjwa zaidi ya tani moja na nusu, lakini sita na nusu bado ni uzani wa magari madogo matano yaliyoegeshwa juu ya plaiwudi yako, tena yamesambazwa sawasawa kila mahali. Hakuna jiliwa la dukani litakalofanya hivyo.

Hapa kuna onyo kwa fundi wa nyanda za juu. Geji nyingi za ombwe huhesabu kwa inchi za zebaki. Vitabu vingi huandikwa na watu wanaoishi kando ya bahari, nao wanaweza kumwambia msomaji afyonze hadi inchi 25. Kwenye mita 2,000 hewa yote iliyopo ni kama inchi 23 na nusu tu. Huwezi kuondoa zaidi ya kilichopo! Fundi asiyejua jambo hilo atatupa pampu nzima akidhani ni mbovu, au atakesha akitafuta tundu ambalo halipo. Kanuni rahisi ni hii: kwa kila mita 300 unazopanda kutoka baharini, toa karibu inchi moja.

PAMPU YA KUKAMULIA NG'OMBE

Pampu itatoka wapi? Hapa ndipo nchi ya maziwa inapomfaa mvuvi. Mashine ya kukamua ng'ombe hufanya kazi kwa ombwe. Pampu yake huondoa karibu nusu ya hewa, na geji yake aghalabu huwa kwenye inchi 12 hadi 15. Mafundi wengi wa mashua duniani wamejifunza kuwa pampu ya mashine kuukuu ya kukamulia inafaa sana kwa kazi hii. Haifyonzi kwa ukali mno, lakini hufyonza hewa nyingi kwa haraka, kwa hiyo huvumilia mfuko unaovuja kidogo. Katika tezi yetu ya sentimita mraba 9,000, inchi 13 huleta kama tani nne. Zinatosha kabisa kugandisha plaiwudi.

Njia nyingine ni kompresa ya friji iliyotupwa. Hiyo hufyonza kwa ukali lakini polepole, kwa hiyo mfuko lazima uwe umezibwa kikamilifu. Kompresa pia hutegemea mafuta yaliyomo ndani yake, na mafuta yakiisha itaungua.

Kwa pampu yoyote ile, weka chupa au kopo gumu la kunasia resini kati ya mfuko na pampu. Resini ikifika kwenye pampu na kugandia humo, umeiua. Na pampu ikishafanya kazi ya resini isirudi kamwe kwenye maziwa. Maziwa ni chakula cha watoto.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kwanza, toa injini na uisimamishe mashua juu ya vitalu vilivyonyooka. Mashua iliyokatwa mgongo hulegea. Ikigandishwa ikiwa imepinda, itabaki imepinda maisha. Chonga pia ubao imara uliofuata umbo la tezi na uuegemeze upande wa nje, ili ngozi isibonyee mfuko utakapokaza.

Pili, kata ngozi ya ndani kwa grainda, ukiacha ukingo wa sentimita saba hivi pande zote. Chimbua uozo kwa patasi na mtaimbo mdogo. Usiwe na huruma: mbao inayoonekana nzima lakini ina unyevu iende nayo. Sugua ngozi ya nje hadi ipate sura safi na yenye mikwaruzo. Zile kingo zitakazounganishwa na ngozi mpya zichongwe kwa mteremko mrefu, milimita 12 za mteremko kwa kila milimita moja ya unene.

Tatu, chonga kielelezo cha katoni, kisha ukate plaiwudi kwa kukifuata. Nunua plaiwudi ya mashua iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka hata ikichemshwa. Wazee wa Kericho wanayakumbuka makasha ya plaiwudi yaliyokuwa yakisafirisha chai hadi ng'ambo kabla ya mifuko ya karatasi kuchukua nafasi yake. Plaiwudi ya namna hiyo ilifaa chai, lakini haifai tezi. Mbao mbili za milimita 18 hufikisha unene wa milimita 36, na faibaglasi itamaliza zilizobaki. Kama tezi ina mviringo, tumia nne za milimita tisa, kwa kuwa nyembamba hupinda na hewa itazikunja kufuata umbo. Kausha mbao hizo ndani ya nyumba kwa siku kadhaa, kisha toboa matundu madogo kila sentimita 15 ili hewa na resini ya ziada vipate pa kutokea.

Nne, fanya jaribio bila gundi. Panga kila kitu, bandika mfuko, washa pampu, halafu funga vali na uitazame geji kwa dakika kumi. Ikishuka, tega sikio: mvujo hupiga mluzi mwembamba. Mara nyingi mwizi ni yale matundu ya bolti za zamani, ambayo yanafaa kuzibwa kwa utepe upande wa nje. Usiikimbie hatua hii. Resini ikishachanganywa haimsubiri mtu.

Tano, changanya epoksi kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. Iongeze unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, uitandaze kwenye ngozi na kwenye plaiwudi kwa mwiko wenye meno. Bandika plaiwudi. Juu yake weka kitambaa cha nailoni ambacho hubanduka baadaye bila kugandia, kisha plastiki yenye vitundu, kisha blanketi jembamba la kupitisha hewa, na mwisho mfuko wenyewe. Ukate mfuko ukiwa mkubwa kuliko eneo, na uutie marinda kama sketi ya shule, ili plastiki iingie kila pembe bila kukazika. Pembe isiyoguswa na mfuko haikandamizwi na kitu chochote.

Sita, washa pampu na uongeze ombwe polepole huku ukinyoosha marinda kwa mikono. Resini ikianza kuchungulia katika vile vitundu, ujue kazi inakwenda. Usizidishe tamaa ya ombwe kali. Kama mbao ina unyevu, maji yaliyomo yanaweza kuchemka hata bila moto, yaijaze gundi povu. Mtu wa Kericho anajua kuwa maji ya chai kwake huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye 93 au 94 hivi, kwa sababu hewa ni chache. Ndani ya mfuko hewa huwa chache zaidi. Usiizime pampu hadi gundi iwe ngumu kabisa. Kushika tu hakutoshi.

Saba, gandisha mbao ya pili kwa njia hiyo hiyo. Zungushia pembe zote kwa epoksi nzito ili zisiwe kali, kwa kuwa nyuzi za kioo hazipendi kona. Kisha jenga ngozi ya ndani, tabaka juu ya tabaka, ukipanda juu ya kuta za ubavuni. Hapa pia mfuko husaidia. Mkeka wa faibaglasi uliopakwa kwa mkono huwa na resini nyingi, nyuzi zikiwa karibu theluthi moja tu ya uzani. Ukitumia kitambaa kilichofumwa na ombwe, nyuzi hufika nusu au zaidi. Nguvu imo katika nyuzi, na resini iliyozidi ni uzani wa bure.

Nane, usitoboe ukapachika bolti moja kwa moja. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, ulijaze epoksi nzito, likikauka toboa tundu la kipimo katikati yake. Hivyo bolti haigusi mbao, na maji yakipenya hayana mbao ya kunyonya. Tundu lisilofanyiwa hivyo ndilo lililoleta ugonjwa tangu mwanzo.

EPOKSI AU POLIESTA?

Mashua nyingi za faibaglasi zimejengwa kwa poliesta, ambayo ni rahisi. Hata hivyo poliesta haishikamani na mbao kama epoksi. Epoksi hugandia vizuri juu ya poliesta ya zamani iliyosuguliwa, lakini poliesta haigandii vizuri juu ya epoksi. Kwa hiyo ukianza na epoksi, malizia na epoksi. Angalia pia mkeka unaonunua: mikeka mingine imeshikanishwa kwa dawa inayoyeyuka katika poliesta tu, na ndani ya epoksi hubaki migumu kama ngozi kavu.

Usiku wa Kericho nao una neno lake. Kwa kukadiria, kila nyuzi kumi za joto zinazopungua hupunguza mwendo wa kugandisha kwa nusu. Gundi iliyoandikiwa saa sita kwenye joto la Mombasa yaweza kukesha nchi ya chai. Anza kazi asubuhi jua likishachomoza, nunua dawa ya kugandisha inayofaa baridi, na usijaribu kuongeza dawa hiyo ili kuharakisha epoksi. Ukizidisha, sehemu ya ziada hubaki laini milele. Na kwa kuwa umeme hupotea bila hodi, weka vali inayozuia hewa kurudi nyuma, ili mfuko ubaki umekaza wakati unapohangaika na jenereta.

KIFUA CHAKO NI KIMOJA

Vijana wengi hujifunza faibaglasi wakitengeneza matangi au bodi za magari, wakiwa vifua wazi na kitambaa puani. Kitambaa hakizuii mvuke wa poliesta, ambao huumiza kichwa, macho na mishipa ya fahamu. Kwa mvuke, tumia barakoa yenye mikebe ya makaa. Kwa vumbi la grainda, tumia ile ya kuchuja vumbi. Vaa miwani kila mara: tone moja la dawa ya kugandisha poliesta laweza kupofusha jicho. Vaa glavu, kwa kuwa epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio usiopona. Na usiiache resini iliyochanganywa ndani ya kopo kubwa. Hujipasha joto yenyewe hadi itoe moshi, na yaweza kushika moto.

Ewe mzazi unayesoma haya, kama mwanao anajifunza kazi ya faibaglasi, mnunulie barakoa kabla ya kumnunulia grainda.

JE, YAFAA KUSUMBUKA HIVYO?

Wengine watasema ni heri kuitupa mashua na kununua nyingine. Lakini itatupwa wapi? Tangu Ray Greene wa Ohio, Marekani, atengeneze mojawapo ya mashua za kwanza za faibaglasi mnamo 1942, dunia imejaa maganda ya mashua yasiyooza wala kuyeyushwa upya. Plastiki ya kawaida ina nafuu. Mashua ya Flipflopi, iliyozinduliwa Lamu mwaka wa 2018 na kuzunguka Ziwa Victoria mwaka wa 2021, ilitengenezwa kwa takataka za plastiki zilizoyeyushwa. Faibaglasi haikubali hivyo. Ikishagandia imegandia. Njia ya busara ni kuitengeneza idumu.

Lakini fundi na aseme ukweli. Kama sakafu na mbavu za mashua nazo zimeoza, tezi mpya itakuwa kiraka kipya katika vazi kuukuu. Kama mashua ni ya kupiga makasia tu, majiliwa na skrubu vyatosha. Na tezi mpya si ruhusa ya kufunga injini kubwa kuliko kipimo cha mashua. Mashua ya kubeba abiria nayo ikaguliwe na wahusika wa usalama wa vyombo vya majini kabla ya kurudi kazini, na jaketi za kuokolea ziwemo, moja kwa kila kichwa.

Wazee wa Pwani husema uendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji nayo hufuata njia hiyo hiyo: huingia kwa tundu la bolti kule juu ya tezi, yakateremka kimya kimya hadi chini. Kwa hiyo, wewe mwenye mashua, Jumapili hii kabla ya kwenda zako, chukua mpini wa nyundo ugonge tezi yako kutoka juu hadi chini. Usikie inasema nini.